Kukaza na Kuvuta: Istilahi za Msumeno wa Mnyororo kwa Wakata Kuni

Miongoni mwa karatasi ambazo huletwa mezani petu ili zisahihishwe lugha, zile za maelezo ya mashine ndizo zituchoshazo zaidi, na ndizo zipewazo muda mchache zaidi. Mwenye karatasi huja na haraka, kwa sababu mashine imekwisha fika na maelezo yake yamebaki katika lugha ambayo mtumiaji haisomi. Karatasi moja ya namna hiyo ilikuwa na kurasa nne. Ilihusu msumeno wa mnyororo, nayo ilikusudiwa wakata kuni wanaokitayarishia kiwanda cha chai magogo ya mkaratusi. Katika ukurasa wake wa tatu ilikuwamo sentensi hii: "Kaza baa, kaza mnyororo, halafu anza kazi."

Kwa upande wa sarufi sentensi hiyo haina kosa lolote. Mwalimu wa shule angeipa alama zote. Lakini mtu akiifuata kama ilivyoandikwa ataharibu mashine siku hiyo hiyo, na huenda akajiumiza siku ya pili yake. Kosa limo katika neno moja la kawaida kabisa, yaani "kukaza", ambalo limepewa kazi mbili zinazopingana. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi kosa hilo linavyotokea, na kupendekeza maneno ambayo mfasiri anaweza kuyatumia katika fani hii bila ya kumhatarisha msomaji wake.

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakauliza kama jambo hili ni kubwa kiasi cha kustahili kurasa za jarida. Yafaa ikumbukwe kwamba kuni si mzigo wa kichwani tu. Viwanda vya chai vya Mufindi nchini Tanzania na vya Kericho nchini Kenya hukausha majani kwa moto wa kuni, na wakulima wa tumbaku wa Tabora huhitaji kuni kwa mabani yao. Kuni za kiasi hicho hazikatwi kwa shoka. Anayezikata aghalabu alijifunza kazi kwa kumtazama mwenzake, wala hakupata kukaa darasani kwa ajili yake. Ikiwa karatasi ya Kiswahili itamfikia, huenda ikawa ndiyo mwalimu pekee atakayempata.

Kwanza jina la mashine yenyewe. Watu wengi kazini husema "chensoo", na nchini Kenya "pawasoo" ndilo lililozoeleka. Katika maandishi ya serikali na ya shule tunaona "msumeno wa mnyororo" latosha. Linaeleza kitu chenyewe, na hata yule asiyepata kukiona anaweza kukikisia. Hapa hapana ugomvi, basi tusikawie.

Ugomvi unaanza katika sehemu ile ndefu, bapa, iliyotokeza mbele ya mashine, ambayo mnyororo huizunguka. Karatasi tuliyoitaja iliiita "baa". Neno hili linavutia kwa wepesi wake, lakini Kiswahili kimekwisha kuwa na baa mbili, moja ya balaa na nyingine ya kunywea pombe, na hatuoni sababu ya kuongeza ya tatu. Wajerumani huiita sehemu hiyo kwa neno lao lenye maana ya upanga. Tafsiri hiyo ingetufaa kwa umbo, ila mkata kuni wetu ana upanga mwingine mkononi, ule wa kufyekea. Akiambiwa anoe upanga atanoa upi? Tena upanga wa msumeno haukati kitu. Kazi yake ni kuuongoza mnyororo tu, nao ndio ukatao. Wafaransa wameliona hilo, wakaiita sehemu hiyo kwa neno la kuongoza. Nasi tulitaka kufuata njia yao kwa kusema "mwongozo", mpaka tulipojaribu kuandika sentensi ya kwanza: "Soma mwongozo kabla ya kufunga mwongozo." Tukaliacha.

Tunapendekeza "upau", kwa wingi "pau". Neno ni la zamani, la wajenzi: ni ule ufito mwembamba wa kuezekea paa. Watunzi wa istilahi za kompyuta nao wamekwisha kulitumia walipounda "upauzana". Lina umbo la kitu kirefu chembamba, na halina maana nyingine inayoweza kumchanganya mtu aliye msituni. Hivyo basi tutasema upau wa msumeno, ncha ya upau, na mfuo wa upau, yaani ule ufa mwembamba uliochimbwa ukingoni mwake ambamo mnyororo hupita.

Sasa tuje kwenye mnyororo, ambao una mengi zaidi. Mnunuzi wa mnyororo mpya hana budi kujua mambo matatu, na yote matatu yameandikwa kwenye upau wa zamani au kwenye boksi la mnyororo. La kwanza ni kile kipimo kinachopatikana kwa kupima kutoka katikati ya ribiti moja hadi katikati ya ribiti ya tatu, kisha kugawanya kwa mbili. Waingereza hukiita kwa neno ambalo katika lugha yao lina maana ya lami pia, na ya uwanja wa mpira, na ya kiwango cha sauti katika muziki. Tumepata kuona "lami ya mnyororo" kwa macho yetu wenyewe, na hatumlaumu sana mfasiri, kwa kuwa kamusi yake ndiyo iliyotangulia kumpa maana hiyo. Sisi tunapendekeza "hatua". Mnyororo huenda kwa hatua, na hatua zake zikitofautiana na meno ya sproketi inayousukuma hauwezi kwenda. Neno hilo lafaa hata kwa hesi za bolti, kama tutakavyoona mbele. Hatua zinazopatikana kwa wingi ni za inchi 3/8, ambayo ni kama milimita 9.5, na inchi 0.325, ambayo ni milimita 8.25. Misumeno mikubwa ya kuangushia miti mikubwa huwa na hatua ya inchi 0.404.

Hapa pana mtego ambao mfasiri hana budi kuuangalia. Ipo minyororo ya namna mbili iitwayo ya inchi 3/8. Mmoja ni wa kimo cha kawaida, na mwingine ni wa kimo kifupi, uliotengenezwa kwa ajili ya misumeno midogo. Tofauti yao katika maandishi huwa ni herufi moja au mbili mwishoni mwa namba, na herufi hizo ndizo ambazo mfasiri mwenye haraka huziacha akidhani ni alama ya kiwanda. Mwenye msumeno mdogo aliyeuziwa mnyororo wa kimo cha kawaida amepoteza fedha zake. Hata tupa zao si moja: wa kimo kifupi hunolewa kwa tupa ya duara ya milimita 4.0, na wa kawaida kwa tupa ya milimita 5.2 au 5.5. Kwa hiyo tunaandika "mnyororo wa kimo kifupi" waziwazi, wala haturuhusu herufi zisimame peke yake.

Jambo la pili ni unene wa zile pingili ambazo ulimi wake huingia katika mfuo wa upau. Tumechagua "pingili" kwa kila kipande cha mnyororo, kama tusemavyo pingili ya muwa, na pingili hizi zinazosukumwa na sproketi tunaziita "pingili endeshi". Unene wake huwa milimita 1.1, 1.3, 1.5 au 1.6, nao lazima ulingane na upana wa mfuo. Zikiwa nyembamba kuliko mfuo, mnyororo hulala upande na kukata kwa mshazari. Zikiwa nene, haziingii kabisa. Twasisitiza neno la wazi "unene", kwa sababu wengi wamezoea kusema "geji", na tutaona punde kwamba neno hilo la Kiingereza lina kazi nyingine katika mnyororo huo huo. La tatu ni idadi ya pingili endeshi. Huhesabiwa moja moja kwa kidole, na hatuna la kuongeza.

Jino na kizuizi chake

Baada ya vipimo hivyo vitatu mnunuzi huulizwa aina ya jino, na hapo ndipo tafsiri mbovu humfanya mkata kuni anunue kitu kisichomfaa.

Kwa miaka mingi minyororo ya misumeno ilikuwa na meno yaliyoigizwa kutoka msumeno wa mkono. Andreas Stihl wa Ujerumani alipotengeneza msumeno wake wa umeme mwaka 1926, na wenzake wa kampuni ya Dolmar walipotengeneza wa petroli mwaka 1927, meno yao yalikuwa bado ya kukwangua. Mabadiliko yalikuja kutoka kwa mkata magogo wa jimbo la Oregon nchini Marekani, Joseph Cox. Mwaka 1946 alimtazama buu wa mdudu mla-miti, akaona kwamba hakwangui mti bali hukata kwa taya mbili, moja kushoto na moja kulia. Mwaka uliofuata alianza kuuza mnyororo wenye meno ya namna hiyo. Minyororo ya leo ni watoto wa mnyororo ule, na ndiyo sababu hadi leo tuna jino la kushoto na jino la kulia yakifuatana.

Jino hili basi halifanyi kazi kama jino la msumeno wa seremala. Hufanya kazi kama randa. Hupita juu ya mti na kuinua ubapa, na ndiyo maana mnyororo mkali hutoa mabapa na mnyororo mbutu hutoa vumbi. Mwalimu wa ufundi akianza na mfano wa randa, nusu ya somo imekwisha.

Lipo jino lenye kona kali ya pembe mraba. Kiingereza huliita kwa jina la patasi, nasi hatuna sababu ya kukataa: jino la patasi. Hukata upesi sana katika mti safi na laini. Lipo jino jingine ambalo kona yake imeviringwa, na hilo Kiingereza huliita nusu ya patasi. Wafasiri wawili tuliowasoma walijaribu kulieleza. Mmoja aliandika "jino nusu patasi", na mnunuzi akalifahamu kuwa ni la daraja la pili. Mwingine aliandika "jino butu". Nani atakayetoa fedha zake kununua mnyororo mpya wa meno butu? Na msiba ni kwamba jino hilo hasa ndilo limfaalo mkata kuni. Gogo la kuni huburutwa chini, huwa na mchanga katika magome, na mara nyingi limekwisha kukauka. Kona kali ndiyo ifanyayo sehemu kubwa ya kazi ya jino la patasi, na punje chache za mchanga zaitosha kuivunja. Kona ya mviringo huugawa uchakavu mahali papana zaidi. Haikati upesi kama mwenzake siku ya kwanza, lakini saa sita mchana bado inakata, na mwenye kuinoa huhitaji ustadi mdogo zaidi. Sisi tunaliita "jino la bega". Bega ni la mviringo, na hakuna mtu anayedhani kuwa bega ni kitu kibovu.

Mbele ya kila jino kuna kinundu kidogo cha chuma kisichokata. Kazi yake ni kuamua jino lizame kiasi gani katika mti, kama vile soli ya randa inavyoamua ubapa uwe mnene kiasi gani. Katika mnyororo wa kawaida wa kuni kinundu hicho huwa chini ya ncha ya jino kwa kiasi cha milimita 0.65. Wakata kuni wengi hukiita jino kama lile jingine. Wakisha kukiita jino, hukitendea kama jino: hukipiga tupa kila siku pamoja na mwenziwe, kisha hufurahi kuona msumeno "una nguvu". Ukweli ni kwamba jino sasa linazama kupita kiasi, mashine inatikisika, na hatari ya msumeno kurushwa nyuma imeongezeka.

Kiingereza hukiita kinundu hicho geji ya kina. Tungeweza kuunda "kipimakina" kwa mfano wa kipimajoto na kipimapembe, na tulikuwa karibu kufanya hivyo. Lakini kinundu hakipimi chochote. Kinazuia. Tena kipo kifaa kingine, kibapa cha chuma kinachowekwa juu ya mnyororo ili kuangalia kama vinundu vimeshuka kiasi kinachotakiwa, na hicho ndicho kinachopima. Kwa hiyo tunapendekeza kinundu kiitwe "kizuizi cha kina", na kifaa kiitwe "kipimakina". Hapo msomaji ataona pia kwa nini tulikataa "geji" kwa unene wa pingili. Neno moja la Kiingereza lingeingia katika Kiswahili likiwa na vitu vitatu mgongoni.

Kuhusu kule kurushwa nyuma, ambako hutokea hasa robo ya juu ya ncha ya upau inapogusa mti, tunapendekeza "teke". Msumeno hupiga teke. Mtoto wa mfuga punda anaelewa bila ya kufafanuliwa, na onyo lililo fupi ndilo linalosomwa.

Tugusie pia jambo la tupa, ingawa si la istilahi mpya. Tupa ni neno zuri la Kiswahili kwa kifaa cha kunolea chuma, lakini umbo lake ni sawa na amri ya kutupa. Tulisoma mahali, "Tupa meno kila unapojaza petroli." Mwandishi alitaka kusema yapigwe tupa. Katika maelekezo ya kazi, kitendo kiwe "kupiga tupa" au "kunoa" daima. Jino hupigwa tupa ya duara, na kizuizi cha kina hupigwa tupa bapa.

Nati na maneno mawili

Upau hushikwa kwenye mashine kwa nati mbili, au moja kwa misumeno midogo, zilizo nje ya kifuniko cha pembeni. Nati hizi hufungwa kwenye bolti zisizo na kichwa zilizopandwa katika mwili wa mashine. Mwili huo aghalabu si wa chuma. Huwa ni wa magnesi iliyochanganywa na madini mengine, na katika mashine za bei ya chini huwa wa plastiki. Ndiyo kusema kwamba mtu anayekaza nati kwa nguvu zake zote, au anayeunganisha bomba kwenye spana ili apate nguvu zaidi, haongezi usalama. Anaing'oa bolti kutoka mahali pake.

Hesi za bolti hizo, ambazo mafundi huziita uzi, huwa mara nyingi za milimita 8 kwa hatua ya milimita 1.25. Nati ikipotea msituni, mkata kuni hutafuta nyingine katika kopo la misumari. Nati ya inchi 5/16 ni kama milimita 7.9, basi machoni ni ile ile. Huingia nyuzi mbili tatu kwa mkono, kisha hukwama kwa kuwa hatua yake si moja na ya bolti. Anayeilazimisha kwa spana anaondoka na uzi. Hata nati ya hesi sahihi iliyonunuliwa katika duka la vifaa huenda isifae, maana nati ya msumeno kwa kawaida ina ukosi mpana chini yake unaotawanya nguvu juu ya kifuniko. Isiyo na ukosi hukibonyeza kifuniko, na baada ya muda hulegea yenyewe kwa mtikisiko. Tunaita basi "nati ya ukosi". Ile iliyofungwa kwenye kifuniko isidondoke tunaiita "nati isiyotoka".

Matunzo yake ni machache. Hesi zisafishwe kwa brashi kavu, kwa sababu vumbi la mti lililochanganyika na mafuta huwa kama gundi na humdanganya mkazaji adhani nati imefika. Nati ianzishwe kwa vidole kila mara. Nati ambayo pembe zake zimeviringika kwa kukamatwa na koleo ibadilishwe, wala isipigwe nyundo. Spana iwe ya kipimo chake, ambacho mara nyingi ni milimita 13 au 19.

Sasa tumefika kwenye sentensi tuliyoanza nayo. Mnyororo ukilegea, mtu hutumia skrubu ndogo iliyo pembeni, ambayo husukuma kipini kilichoingia katika tundu la upau, na upau ukaenda mbele. Mnyororo nao hunyooka. Lakini upau hauwezi kwenda mbele ikiwa nati zimekazwa. Anayekaza nati kwanza, kisha akaigeuza skrubu, anashindana na nati zake mwenyewe: ama kipini hupinda ama uzi wa skrubu huisha. Na anayeigeuza skrubu vizuri lakini akasahau kurudi kwenye nati, kwa kuwa karatasi imemwambia kwamba "amekwisha kukaza", huanza kazi na upau unaocheza. Mnyororo hulegea, huchomoka katika mfuo, na unapochomoka huwa katika mwendo mkali.

Lugha ya Kiingereza ina vitenzi viwili kwa mambo haya mawili. Lugha yetu pia inavyo, ila mfasiri hakuvitafuta. Kukaza ni kugeuza nati mpaka ishike. Kwa mnyororo tulifikiri kwanza "kuwamba", kama mtu awambavyo ngoma au kitanda cha kamba. Ni neno zuri, na mmoja wetu bado analitetea. Wengi wetu tulilikataa kwa sababu moja: ngoma iliyowambwa vizuri hulia, na mnyororo usiwe hivyo. Unatakiwa uguse upande wa chini wa upau na bado uvutike kwa mkono uliovaa glavu. Mnyororo uliobana sana hula upau. Tena, ukirekebishwa ukiwa wa moto, husinyaa unapopoa na kuibana mashine, na huenda ukaumiza mhimili wa injini. Mafundi wa baiskeli wana neno lao, nao wamelitumia miaka mingi bila ya kutuuliza: cheni iliyolegea huvutwa. Basi nati hukazwa, na mnyororo huvutwa. Vitenzi hivi viwili visibadilishane nafasi hata mara moja katika karatasi moja, hata kama mwandishi anaona kwamba kurudia neno kunachusha. Katika insha kunachusha kweli. Katika maelekezo ya mashine ndiko kunakotakiwa.

Uangalifu huo huo unahitajika katika vinyume vyake. "Kulegeza" nati ni kuigeuza nyuma kidogo ikabaki mahali pake, na "kufungua" ni kuitoa kabisa. Karatasi yetu ilisema "fungua nati" mahali ambapo zilihitaji kulegezwa tu, na mtu aliyeitii angebaki na kifuniko mkononi na nati mbili katika majani.

Tulipoiandika upya sehemu hiyo ya ukurasa wa tatu ilisomeka hivi:

"Zima injini na uache mnyororo upoe. Vaa glavu. Legeza nati za upau kwa mzunguko mmoja, usizifungue. Inua ncha ya upau kwa mkono mmoja na uishikilie juu. Kwa mkono wa pili geuza skrubu ya kuvutia mnyororo mpaka pingili za chini ziguse upau. Ukiwa bado umeinua ncha, kaza nati. Ondoa breki ya mnyororo, kisha uvute mnyororo kwa mkono kuuzunguka upau. Ukikataa kwenda, umevutwa mno. Ukining'inia chini ya upau, haujavutwa vya kutosha. Mnyororo mpya hulegea upesi: uangalie tena baada ya kukata magogo machache."

Aliyetuletea karatasi aliuliza kwa nini tumeongeza habari ya kuinua ncha, nayo haikuwamo katika tafsiri ya kwanza. Ilikuwamo katika Kiingereza. Mfasiri aliiacha, pengine kwa kuiona kuwa ni pambo. Tundu za upau zina nafasi ndogo ya kucheza, na msumeno unapokata mti huisukuma ncha juu. Nati zikikazwa ncha ikiwa imelala, nafasi hiyo hugeuka kuwa ulegevu mara mti unapoguswa, na kazi yote ya kuvuta hurudi mwanzo. Tunalitaja hili kwa sababu mfasiri asiyepata kuishika mashine hana njia ya kujua kipi ni pambo. Dawa yake ni kwenda karakana kwa nusu saa na kuomba afunguliwe kifuniko.

Limebaki neno moja ambalo hatujaridhika nalo. Ile bolti isiyo na kichwa, iliyopandwa katika mwili wa mashine, mafundi wa magari huiita "stadi". Kwa msomaji wa Kiswahili stadi ni mtu hodari, na sentensi kama "safisha stadi kwa brashi" inaleta kicheko mahali pasipotakiwa kicheko. Kwa sasa tunaandika "bolti isiyo na kichwa", ingawa ni refu na halikai vizuri katika jedwali la vipuri. Mwalimu wa ufundi au karani wa msitu aliyesikia neno fupi zaidi likitumika kazini na atuandikie, akitaja alilisikia wapi na hutumiwa na mafundi wa kazi gani.